Mtoto Amekwama Wapi? Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Kusoma Kiswahili

Kuna mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukosea hata neno moja, na kidole chake kiko mstari wa chini. Ukifunika ukurasa kwa kiganja, anaendelea tu. Huyo hasomi, amekariri. Darasa likiwa limejaa, mwalimu anasoma na watoto wote wanaitikia kwa wimbo, mtoto wa namna hiyo anaweza kufika darasa la tatu bila mtu kumshtukia, maana sauti yake inamezwa na za wenzake.

Mwongozo huu ni wa walimu wa awali, darasa la kwanza na la pili, na wa mzazi, shangazi au kaka mkubwa anayekaa na mtoto jioni na daftari mbele yao. Nitataja istilahi kadhaa ambazo watu huziogopa bure. Kila istilahi ni jina la mahali ambapo mtoto anaweza kukwama. Fundi baiskeli huzamisha tyubu kwenye karai la maji aone mapovu yanatokea wapi, ndipo akate kiraka. Nasi tutafute kwanza mtoto amekwama wapi, kabla ya kumwambia "soma tena, soma tena".

Kusoma ni kazi mbili

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa hesabu fupi: uwezo wa kusoma ni kusimbua mara kuelewa lugha. Kusimbua ni kuyageuza maandishi kuwa sauti na maneno. Kuelewa lugha ni kujua maneno hayo yanasema nini, hata kama angekusomea mtu mwingine. Angalia kuwa ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Mkoani Dodoma hesabu hiyo unaiona kwa macho. Mtoto wa mjini, Area C au Makole, mara nyingi anakuja shuleni na Kiswahili tele mdomoni ila hajawahi kuonyeshwa herufi. Mtoto wa kijijini Bahi au Chamwino huenda amekua na Kigogo, wa Kondoa na Kirangi, wa Chemba na Kisandawe. Huyu unaweza kumfundisha silabi zote akazijua, akasoma sentensi nzima kwa sauti safi, na asijue imesema nini. Wote wawili wataandikwa "hajui kusoma", lakini dawa zao hazifanani hata kidogo.

Habari njema ni kwamba kwenye kusimbua, Kiswahili ni rahisi. Herufi au jozi ya herufi ina sauti moja, na inabaki nayo karibu kila mahali. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliotoka 2003, uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kuwa wale wenye maandishi ya utaratibu kama Kifini hushika misingi mapema, na wa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Maandishi ya Kiswahili yako kundi la kwanza. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili asiyeweza kusimbua Kiswahili, usikimbilie kusema hana akili. Kwa kawaida kuna hatua ilirukwa: aliugua, alikuwa machungani, au Januari ile mvua ilipokolea familia nzima ilihamia shambani na yeye akakosa wiki ambazo wenzake walikuwa wanajifunza herufi tatu.

Hatua ya kwanza: masikio kabla ya macho

Istilahi yake ni ufahamu wa sauti. Maana yake mtoto anatambua kuwa neno analolisema kila siku limejengwa kwa vipande, na vipande hivyo anaweza kuvihesabu, kuvitoa na kuvibadilisha. Hapa hakuna kitabu, hakuna kalamu. Kipande kidogo kabisa cha sauti kinaitwa fonimu, kikubwa kidogo ni silabi.

Anza na silabi kwa sababu ndizo Kiswahili kinachoziachia zisikike kirahisi. Piga makofi pamoja naye: u-bu-yu, makofi matatu, za-bi-bu, matatu, a-li-ze-ti, manne. Watoto wengi wanalishika hili siku ya kwanza. Kisha mchezo wa kutoa: sema "kalamu" bila "ka". Atasema "lamu", atacheka. Kisha mchezo wa kwanza-sawa: meza, maji, kuku, lipi si la ukoo huu? Ukiona anachagua kuku kwa sababu "kuku anatembea", bado anasikiliza maana, hajaanza kusikiliza sauti. Usimkaripie. Yavute mbele yake: mmmeza, mmmaji.

Baada ya hapo shuka kwenye fonimu. Mpe mbegu za ubuyu au vizibo vya soda, kila sauti asogeze moja. Neno "moto" linasogeza mbegu nne: m-o-t-o. Mwambie abadilishe: "kiti", toa k weka m, imekuwa nini? Mtoto anayejibu "miti" bila kuona herufi yoyote yuko tayari kwa herufi. Asiyeweza, endelea naye dakika kumi kila siku. Vitendawili na nyimbo za michezo zinafanya kazi hiyo hiyo.

Lipo jambo la lafudhi. Watoto wengi wanachanganya r na l, na wengi zaidi wanasema "zahabu" na "selasini". Mimi nalipima hivi: mtoto akiona "dhahabu" akasoma "zahabu", amesimbua, mwache aendelee na sentensi yake. Kumkatiza kila dh inapotokea ni kumfundisha kuwa kusoma ni kuaibishwa. Sauti hizo mfundishe mahali pake, kwa jozi za kusikiliza: kula na kura, mahali na mahari. Atakayesikia tofauti ataandika tofauti. Mtoto wa Kirangi anakuja na irabu saba masikioni, wa Kisandawe na sauti za kidoko ambazo mwalimu mwenyewe hawezi kuzitamka. Masikio yao hayana kasoro yoyote.

Hatua ya pili: herufi na sauti yake

Herufi ni alama, sauti ni kile alama hiyo inachosema. Kosa la zamani ambalo bado liko nyumbani kwetu ni kumfundisha mtoto jina la herufi kabla ya sauti. Anaambiwa hii ni "be", hii ni "a". Akikutana na "ba" anaunganisha anachokijua: "be-a, bea". Amefuata mafunzo barabara, ila mafunzo ndiyo yaliyompoteza. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, ulianza na sauti, na ndiyo njia ninayoshauri hata nyumbani. Majina yatakuja yenyewe.

Wapo wanaopenda kumwonyesha mtoto neno zima kama picha mpaka alikariri: "mama", "baba", "kuku". Kwa maneno matano inapendeza. Tatizo linakuja kwenye neno la sita ambalo hakuonyeshwa. Kwa lugha yenye maandishi yaliyonyooka kama yetu, sioni sababu ya kumkaririsha mtoto picha za maneno wakati anaweza kupewa ufunguo wa yote.

Anza na irabu tano: a, e, i, o, u. Kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa, m, n, s, l, kwa sababu mtoto anazishikilia mdomoni huku akitafuta irabu: mmmm-a. Sauti kama b, k na t hazivutiki, na mwalimu akijaribu kuzitamka peke yake anajikuta anasema "bi" au "ke". Hizo zifundishe moja kwa moja ndani ya silabi. Usilete b na d wiki moja, wala m na n siku moja. Zinafanana, moja kwa sura na nyingine kwa sauti, na mtoto atazichanganya. Kama mtoto yuko shuleni tayari, fuata mpangilio wa kitabu chake cha darasa ili asivutwe pande mbili.

Tumia herufi ndogo kwanza. Herufi kubwa zinapendeza ukutani, lakini vitabu vimejaa ndogo. Q na X hazina kazi katika maneno ya Kiswahili, na C haisimami peke yake, huja na H. Usipoteze muda nazo.

Kuandika kusingoje. Mchanga Dodoma haukosekani: aandike kwa kidole huku anatamka sauti, kisha kwa kijiti, penseli ije baadaye. Mkono, mdomo na jicho vikienda pamoja, herufi inakaa.

Katika siku hizo hizo mwonyeshe dhana ya maandishi, nayo isichukue muda: kitabu kinashikwaje, tunaanzia kushoto, tukifika mwisho wa mstari tunashuka, nafasi nyeupe inatenga neno na neno. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu hajui haya, na hakuna anayemwambia.

Hatua ya tatu: silabi, hapa ndipo penye kazi

Silabi ndiyo roho ya kusoma Kiswahili. Nyingi ni konsonanti na irabu, na zinafundishwa kwa safu: ba be bi bo bu. Sina ugomvi na safu. Ugomvi wangu ni na wimbo wake. Darasa likishaimba "ba be bi bo bu" kwa mwezi, mtoto anaweza kuimba mpaka mwisho akiwa anaangalia dirishani. Kipimo ni rahisi: onyesha "bo" bila kupitia nyingine. Akianza kunong'ona "ba, be, bi…" mpaka aifikie, bado hajaijua, anajua foleni.

Kata kadi kwenye maboksi ya kiberiti au ya sabuni, silabi moja kila kadi, changanya kama karata. Na usingoje umalize konsonanti zote ndipo utunge maneno. Ukiwa na m, k na t tu pamoja na irabu, una mama, kaka, kuku, kiti, kitu, miti, moto, tatu, mate, taka, kata, keti, kamata, katika, hadi kamati. Mtoto anayesoma "kamata" wiki ya tatu anajua tayari kazi hii inaelekea wapi.

Panda ngazi kwa utaratibu huu. Silabi za kawaida kwanza. Kisha irabu mbili zinazofuatana, ambazo ni silabi mbili: u-a, o-a, ta-a, sa-a, wengi wanasoma "taa" kama "ta", kwa hiyo piga makofi. Kisha konsonanti zinazoandikwa kwa herufi mbili ila sauti ni moja: ch, sh, ny, th, dh, gh. Kisha zile zinazotanguliwa na m au n: mb, mv, nd, ng, nj, nz. Kisha zenye w au y: kw, mw, bw, tw, vy. Mwisho mizigo ya mbwa, ngwe na njwe, na maneno ya kukopa yenye konsonanti isiyo na irabu nyuma yake: daftari, maktaba, labda.

Ng' inataka siku yake. Mtoto amezoea ng ya ngoma, sasa anaona alama ndogo juu. Mwambie alama hiyo inaipeleka sauti puani. Weka jozi: nguo, ng'oa, ngoma, ng'ombe. Kwa mtoto wa mfugaji neno ng'ombe halihitaji picha.

Ile m ya "mtu" inawachanganya hata watu wazima wanaofundisha. Katika m-tu, m-ti, m-to-to, m ni silabi kamili, inapigiwa kofi. Katika mbu-zi imeshikana na b. Kanuni nyepesi: mbele ya konsonanti nyingi m inasimama peke yake, mbele ya b inategemea neno, ndiyo maana tuna mbu-zi lakini mtu m-ba-ya. Usimbane mtoto kwa hili. Neno likitoka mdomoni jinsi watu wanavyolisema, inatosha.

Mazoezi bora ya ngazi hii mjini Dodoma yako barabarani, na ni bure. Majina ya mitaa na vijiji yanapatikana kwenye vibao na kwenye vioo vya daladala. Zuzu ni silabi moja mara mbili, hata mtoto wa wiki ya kwanza ataipata. Bahi, Kizota na Makole zinafuata. Hombolo na Iyumbu zina mb. Nzuguni inaanza na nz, Nkuhungu inaanza na n inayosimama peke yake, Mkonze na Mtumba zina m ya kupigia kofi. Chang'ombe ina kila kitu. Ile Ng'hong'hona iache mwisho kabisa, imeandikwa kwa desturi ya Kigogo, na msomaji mzoefu aliyekuja na treni juzi naye inamsimamisha.

Hatua ya nne: kuunganisha

Anazijua silabi zote, lakini neno halitoki. Hili ndilo kwama linalokatisha tamaa kuliko yote, kwa mtoto na kwa mwalimu.

Msichana mmoja wa darasa la kwanza, barazani kwao Chamwino, niliwekea mbele yake neno "alizeti". Akasoma vizuri sana: "a… li… ze… ti." Akanyamaza. Akaangalia juu ya bati, akasema, "Zeti?" Alikuwa amefika mwisho wa neno na mwanzo umeshamtoka kichwani. Nikafunika kwa kidole, nikamwachia mbili za mwanzo. "A-li. Ali!" Akacheka, ana kaka anaitwa hivyo. Nikafungua moja: "Ali-ze." Tena: "Alize-ti." Akatulia kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea shamba lililo ng'ambo ya uzio. "Alizeti!"

Hiyo inaitwa kuunganisha kwa kulimbikiza. Badala ya kusoma silabi nne kisha kuzikusanya, anaunganisha mbili, anaongeza moja, anaunganisha tena. Kichwa hakibebi vipande vinne, kinabeba viwili tu kila mara. Jambo la pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: alizeti, karanga, mtama. Mtoto akisoma silabi zote kwa uzito mmoja, sikio lake halilitambui neno ambalo mdomo wake umeshalisema. Mwambie aivute ile ya kabla ya mwisho, mara nyingi neno linafunguka hapo hapo.

Upande wa pili wa kuunganisha ni kutenga: unasema neno, anavunja silabi, anaandika. Imla fupi ya maneno matano kila siku inaonyesha mengi kuliko kurasa mbili za kusoma kwa pamoja.

Na kuna kipimo cha kumnasa anayebahatisha: maneno ya kubuni. Andika "lumeki", "sopate", "tidavu". Hayana maana, kwa hiyo hawezi kukisia kutoka kwenye picha wala kumbukumbu. Mwambie mapema kuwa ni ya mchezo, asije akadhani mwalimu amechanganyikiwa.

Hatua ya tano: maneno marefu

Hapa miongozo mingi iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine inatuacha. Maneno ya Kiswahili yanabeba sentensi ndani yake. "Hatutawapelekea" ni silabi nane, na mtoto anayesoma silabi moja moja anachoka katikati. Anahitaji kuanza kuona mafungu makubwa zaidi: viambishi, yaani vipande vinavyoongezwa mwanzoni au mwishoni mwa neno. Jenga ngazi ubaoni:

soma
anasoma
wanasoma
wanasomea
wanatusomea

Kila mstari uliza nini kimeongezeka na kimeleta nini. Baada ya wiki mbili tatu macho yake yanaanza kuona "wana-" kama kitu kimoja, "hatuta-" kama kitu kimoja. Mtoto anayeongea Kigogo au Kirangi hapa ana faida, maana lugha yake nayo inajenga vitenzi kwa viambishi. Mwonyeshe tu kuwa ni jambo analolijua tayari.

Yale maneno mafupi yasiyokosekana kwenye sentensi yoyote, na, ya, wa, la, cha, kwa, ni, yafikie mahali anayatambua kwa kutupa jicho.

Hatua ya sita: ufasaha

Ufasaha ni usahihi, kasi na kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kwa pamoja. Kasi inahitajika kwa sababu anayetumia nguvu zote kusimbua habaki na nguvu ya kuelewa. Lakini kasi si mbio. Mtoto anayekimbia na kuruka nukta hana ufasaha.

Pima kwa dakika moja. Chagua habari fupi ya kiwango chake ambayo hajawahi kuiona, washa saa ya simu, asome kwa sauti, wewe una nakala yako na unaweka alama kwenye maneno aliyokosea. Amefika neno la 40, amekosea 6, ameandikiwa 34. Pima tena baada ya mwezi kwa habari nyingine ya uzito huo huo. Namba hiyo linganisha na yake ya mwezi uliopita, usiilinganishe na ya mtoto wa jirani.

Dawa ya ufasaha ni kurudia habari ile ile. Wewe unasoma, yeye anafuata kwa kidole, mnasoma pamoja, anasoma peke yake, kesho anamsomea bibi. Kusoma kwa pamoja darasani kuna nafasi yake, mradi kila mtoto apate zamu ya kusoma peke yake angalau mara moja kwa wiki. Darasa kubwa? Wapange wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anafuata kwa kidole, wewe unapita na kusikiliza watano leo, watano kesho.

Hatua ya saba: msamiati na ufahamu

Soma hii na mtoto wa darasa la pili:

"Babu aliamka mapema akaenda mnadani na mbuzi wawili. Jioni alirudi na gunia la mtama na fimbo yake. Bibi alifurahi."

Uliza: Babu alienda wapi? Karibu wote watajibu, neno liko pale pale kwenye maandishi. Hilo ni swali la wazi. Sasa uliza: Mbuzi wako wapi? Hapa ndipo utakapomjua msomaji. Mwingine atasema wamepotea. Mwingine atasema hawakutajwa. Mmoja atasema, "Amewauza, akanunua mtama." Jibu hilo halikuandikwa popote, ameliunganisha kutoka kwenye maandishi na anachokijua kuhusu mnada. Hilo ni swali la kufikiri. Mwulize na la tatu, la maoni: kwa nini bibi alifurahi? Majibu mengi ni sahihi mradi atoe sababu.

Ukishindwa kuamua kama tatizo ni kusimbua au kuelewa, msomee wewe habari nyingine ya kiwango hicho kisha uliza maswali ya aina ile ile. Akijibu vizuri alichosikia lakini si alichosoma, rudi hatua ya tatu hadi ya sita. Akishindwa vyote viwili, silabi hazina kosa, anahitaji Kiswahili. Mpe maneno mapya kwa vitu vya kushika, kwa kuigiza, kwa hadithi, na msimulie kabla hajasoma. Mwalimu anayejua Kigogo atumie Kigogo kufafanua neno gumu, kisha arudi kwenye Kiswahili. Kumchapa mtoto kwa kuongea lugha ya mama yake hakujawahi kumwongezea mtu msamiati wa lugha nyingine.

Kusomewa ni lishe ya hatua hii, na hakungojei mtoto ajue kusoma. Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi: asimulie, na amwombe mtoto amsomee kisha amweleze kilichosemwa. Kueleza ndiko kunakomwonyesha mtoto kama ameelewa.

Nusu saa ya jioni

Kwa nyumbani, nusu saa inatosha, siku tano kwa wiki. Dakika tano za mchezo wa sauti, kumi za kadi na kutunga maneno, tano za imla, kumi za kitabu ambapo wewe unasoma kidogo na yeye anasoma kidogo. Taa ikiwa hafifu, fanyeni kabla jua halijazama. Mtoto akiwa na njaa au amechoka na machunga, fanya mchezo wa sauti tu muishie hapo.

Kitabu kiwe cha kiwango chake. Njia ya haraka ya kujua: asome ukurasa wenye maneno kama 50, akikwama zaidi ya mara tano, kitabu hicho msomee wewe, yeye apewe chepesi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vinasomeka hata kwenye simu. Vilevile ukitunga sentensi tano za nyumbani kwenu ukaziandika kwa mkono, umeshapata kitabu.

Macho, masikio, na Kiingereza

Kabla hujasema mtoto ni mzito, hakikisha anaona na anasikia. Kanda ya kati ina historia ndefu ya vikope, yaani trakoma. Kongwa ni miongoni mwa sehemu ambako ugonjwa huo umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Mtoto anayefinya macho, anayesogeza daftari puani, anayetokwa machozi au kunakili vibaya kutoka ubaoni apelekwe kitengo cha macho. Anayejibu swali tofauti na lililoulizwa, achunguzwe masikio.

Kugeuza b na d katika mwaka wa kwanza ni kawaida. Ikiwa baada ya mafunzo ya kutosha, ya mmoja mmoja, mtoto mwenye maongezi mazuri bado hawezi kushika silabi, huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma. Huyo anahitaji hatua hizi hizi, polepole zaidi na kwa marudio mengi zaidi, na mwalimu wa elimu maalumu ashirikishwe mapema.

Kuhusu Kiingereza, wazazi huniuliza waanze na kipi. Jibu langu ni kusimbua kwa Kiswahili kwanza. Akishajua kuwa herufi zinasema na sauti zinaunganishwa, ujuzi huo unahamia. Ukimwanzishia vyote viwili siku moja, herufi "i" ina sauti moja asubuhi na nyingine mchana, na hujui akikosea ni kwa sababu gani. Maongezi ya Kiingereza yaendelee, hayana madhara. Maandishi yake yasubiri silabi zishike.

Aliyechelewa

Mtoto wa darasa la nne au la tano asiyejua kusoma anarudi hatua ile ile aliyokwama, hakuna njia ya mkato, ila anapita haraka kuliko wa miaka sita. Mpime kwanza kwa kadi zilizochanganywa, maneno matano ya kubuni na habari moja fupi. Kwa dakika kumi utajua aanzie wapi. Mfundishe pembeni, si mbele ya wadogo zake. Na usimpe kitabu cha "kaka ana kuku" chenye picha za watoto wa chekechea, atakiona ni matusi. Mpe vibao vya daladala, matokeo ya mechi, ujumbe wa simu kuhusu bei ya alizeti, maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Silabi ni zile zile.